ZANZIBAR NA WATOTO: HIYO ORODHA YENU SIYO YETU

SEHEMU YA 1
 Likizo ya shule inakaribia, meseji zimeanza: "Nesi, tunaenda Zanzibar na watoto, tufanye nini?" Halafu kila mtu ananitumia orodha ile ile. Kuogelea na pomboo Kizimkazi. Kushinda Nakupenda. Kwenda Mnemba kutazama samaki. Jahazi la machweo. Kuchorwa piko. Usiku Forodhani.

Naomba niseme bila kumung'unya maneno. Orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu wa fungate. Watu wawili, wamelala mpaka saa nne, hawana pampasi, hawana uji wa kukorogwa, hakuna anayelia usingizi saa saba mchana. Wewe una mtoto wa miaka mitatu na mwingine mgongoni. Ukiibeba orodha ya fungate kama ilivyo, unajitafutia ugonjwa kwa pesa yako mwenyewe.

SEHEMU YA 2
Tuanze na maji, maana hapa ndipo watoto wanapopotea.

Watu wanadhani mtoto anayezama anapiga kelele. Hapigi! Kinywa kikiwa chini ya maji sauti inatoka wapi? Mtoto mdogo anazama kimya, kwa muda mfupi kuliko wa kujibu meseji moja. Na hahitaji bahari. Maji yanayomfika magotini yanatosha akianguka kifudifudi.

Sasa angalia familia zetu ufukweni. Mama, baba, shangazi, mjomba, dada wa kazi, watu wazima saba. Ukiuliza nani anamtazama mtoto, wote wanasema "si tuko hapa wote?" Hapo ndipo hatari ilipo. Wakiwa saba, kila mmoja anaamini wale sita wanatazama.

Wodini hatufanyi hivyo. Nesi haondoki zamu mpaka amkabidhi mwenzake, mgonjwa kwa mgonjwa, kwa mdomo. Hatusemi "si tuko wote". Fanyeni vivyo hivyo kwenye bwawa la hoteli na baharini. Mtu mmoja, kwa jina, kwa muda maalum: "Zamu yangu mpaka saa tano." Mwenye zamu hashiki simu, hanywi bia, hapigi picha, na kwa mtoto asiyejua kuogelea anakaa umbali wa kunyoosha mkono tu. Akitaka kwenda chooni anakabidhi. Anasubiri kusikia "nimempokea".

Na yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni mwanasesere. Yanachomoka, yanapasuka. Boya halishiki zamu.

SEHEMU YA 3
Mnaniuliza kwa nini nina hasira. Nina hasira kwa sababu jambo likitokea, swali la kwanza linaloulizwa ni "mama yake alikuwa wapi?" Mama alikuwa anaosha chupa. Mama alikuwa anamnyonyesha mdogo. Mama alikuwa anampiga picha baba aliyejilaza kwenye kiti cha ufukweni, maana baba "amekuja kupumzika".

Na mama amekuja kufanya nini? Amehamisha jiko na wodi kutoka bara kuja kisiwani, kavuka maji ili afanye kazi zile zile kwenye mchanga! Akina baba, zamu si kumsaidia mama. Mtoto ni wako. Gaweni siku: asubuhi wewe, jioni yeye, na mwenye mapumziko aachwe apumzike kweli, hata kama atalala tu.

SEHEMU YA 4
Piko. Jamani, piko kwa watoto, nawaomba muache.

Hina halisi inatoa rangi ya kahawia au nyekundu na inataka saa kadhaa ikolee. Ile nyeusi tii inayokolea haraka mara nyingi ina kemikali ya dawa ya kupaka nywele, inaitwa PPD. Kwenye ngozi ya mtoto inaweza kuleta malengelenge na kidonda, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kupakwa, mkiwa mmesharudi nyumbani. Mbaya zaidi, mwili ukishaikataa mara moja unaweza kuikataa maisha yote. Binti akija kupaka rangi nywele ukubwani, uso unavimba.

Na mtoto mchanga usimpake hata hina halisi. Wapo watoto wenye upungufu wa G6PD, jambo lisilo geni pwani yetu, na hina inaweza kuvunja damu yao. Ua la mkononi halina thamani hiyo.

SEHEMU YA 5
Boti. Kabla hujalipa, uliza swali moja tu: "Mna jaketi okozi la saizi ya mtoto?" Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka miwili si jaketi, anachomoka kwa chini. Ukijibiwa "usijali dada, bahari imetulia", geuka uondoke. Nchi hii ilizika watu wengi baada ya MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012. Sisi si watu wa kuambiwa tusijali.

Nakupenda ni fungu la mchanga katikati ya bahari. Hakuna mti hata mmoja, na maji yakijaa fungu lenyewe linafunikwa. Umpeleke mtoto wa miezi mitano pale saa sita mchana kwa sababu ya picha? Jua kali ni kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Wakati huo mtoto awe kivulini. Aliye chini ya miezi sita usitegemee losheni ya jua, mtegemee kivuli na nguo nyepesi ya mikono mirefu. Wala usimpe maji hata kama kuna joto, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Ziwa lina maji ya kutosha.

Na pomboo wa Kizimkazi: boti kadhaa zinamfukuza mnyama, watu wanarukia maji ya kina kirefu. Pomboo anakimbia, mtoto analia. Furaha ni ya nani hapo?

SEHEMU YA 6
"Sasa nesi, tukae chumbani?" Hapana! Zanzibar ni tamu kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima, ila tamu yake haimo kwenye orodha yenu.

Maji yakipwa upande wa mashariki, Paje au Jambiani, bahari inakwenda mbali na kuacha vidimbwi. Hiyo ni shule ya bure: kaa, konokono, viti vya pweza. Aangalie, asivitoe kwenye maji ili mpige picha, vinakufa. Avae viatu vya kufunika mguu kwa sababu ya wale wadudu wenye miiba myeusi. Ataona akina mama wa mwani kwenye mashamba yao. Wasalimieni kwanza, ile ni kazi ya watu. Na uliza wenyeji saa za kupwa na kujaa, hasa siku za bamvua. Maji yakianza kurudi, na nyie rudini.

Changuu kuna kobe wakubwa, asili yao Aldabra huko Shelisheli, waliletwa mwaka 1919. Mtoto atawalisha majani na hatasahau. Mikono ioshwe kwa sabuni mara baada ya hapo, kobe hubeba vijidudu vya kuharisha. Mimi nakipenda kisiwa kile kwa sababu nyingine: kilijengwa kiwe gereza, kikaishia kuwa karantini ya wagonjwa wa homa ya manjano.

Jozani kuna kima punju, na kuna njia ya mbao kupita kwenye mikoko. Nendeni asubuhi kabla ya joto, msiwaguse wala kuwalisha. Shamba la viungo nalo ni zuri: mtoto anusie karafuu, mdalasini, mchaichai. Forodhani nendeni mapema jioni, mleni kinachotoka motoni mbele ya macho yenu, dafu badala ya juisi ya barafu.

Siku moja, jambo moja. Asubuhi mtoke, mchana mlale, jioni mchezee mchanga. Basi.

SEHEMU YA 7
Najua mtakayosema. "Sisi tumekulia baharini, hatukuwa na jaketi." Kweli. Waliozama hawapo hapa kuandika maoni.

"Wazungu mbona wanakuja na vichanga?" Watazame vizuri: mtoto ana kofia, ana nguo mpaka kifundoni, na baba yake yuko ndani ya maji naye.

"Unatutisha, likizo itakuwa haina raha." Raha ipi inayoisha kwa sababu mtu mmoja ameweka simu chini nusu saa? Mimi naona kinyume. Mkigawana zamu, wale wengine sita wanastarehe kwa amani, maana wanajua mtoto ana mtu.

SEHEMU YA 8
Fungasha: ORS na zinki, kipimajoto, chandarua (malaria Zanzibar imepungua sana, haijaisha), kofia, viatu vya maji. Siku ya kwanza uliza hotelini hospitali ya karibu iko wapi na usiku kuna gari gani.

Mtoto akitolewa majini hapumui: usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, endelea hivyo huku mwingine akitafuta gari. Na hata akizinduka akacheka, apelekwe hospitali. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kubadilika baadaye.

Sambazeni kwenye grupu la familia kabla hamjakata tiketi. Na kwenye hilo grupu, chini ya posti hii, kila mtu mzima aandike jina lake na saa ya zamu yake. Baba aanze.