Makiso Haiombi Sadaka



Yako maneno mawili ambayo sisi tungependa yafutwe katika kila barua inayotoka mitaani kwetu Makiso kwenda kwa Meya, kwa burgumestre au kwa wajumbe wa baraza. Maneno hayo ni "tunakulilia" na "watoto wako". Mtu mzima, baba wa watoto sita, mlipa kodi, mwenye kadi ya kura mfukoni, anaandika kuomba mtaro wa maji ya mvua, na katika mstari wa kwanza amekwisha kujifanya mtoto; katika mstari wa mwisho yuko magotini. Mtaro hauchimbwi kwa machozi. Huchimbwa kwa sururu, kwa simenti, na kwa fungu la fedha lililoandikwa katika bajeti. Basi atakaye mtaro na aulize fungu hilo liko wapi.

Sisi tunaoandika haya ni makarani wa mgodi, wenyeji wa Makiso. Kazi yetu ni vitabu vya hesabu, na karani ana ugonjwa wake: akiona fedha imeingia haachi kuuliza imetokea mlango gani. Najua watakuwapo wa kusema makarani wabaki na vitabu vyao, waache mambo ya mji. Hao tunawakumbusha kwamba mji huu ulipata kuwa na karani mmoja wa posta, jina lake Patrice Lumumba, na wakubwa wa siku zile nao walipenda sana abaki na stempu zake.

Watu wa Mangobo, wa Kabondo, wa Tshopo, na hata ndugu zetu wa Lubunga wanaovuka mto Kongo kwa mtumbwi kwa kuwa mto huo hauna daraja hapa mjini, hufikiri sisi wa Makiso tumekaa karibu na chungu. Kweli ofisi ya mji iko kwetu, benki ziko kwetu, soko kubwa liko kwetu, na kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire liko kwetu ukingoni mwa mto. Lakini waje siku ya mvua. Waone maji yanavyokosa njia na kuingia vibandani, waone taka za soko zinavyoelea. Usiku waje waone giza, wakati mashine tatu za umeme katika maporomoko ya Tshopo, kituo kilichoanza kazi katika miaka ya 1950, zinapougua moja baada ya nyingine. Kukaa karibu na ofisi si kukaa karibu na maendeleo.

Mtazameni mama anayeuza sombe pale sokoni. Kila siku mtu wa ushuru humpitia na kitabu chake cha tikiti. Hakosi siku ya mvua, hakosi siku ya msiba, wala hasemi kwamba leo mafuta ya pikipiki yamekwisha. Mama yule hutoa franka zake, hupewa kipande cha karatasi, hukikunja katika pindo la kitenge. Sasa mama huyu akitaka choo cha soko na mtaro wa kupitisha maji, je, anaomba sadaka? La, hasha! Amekwisha kununua choo hicho mara nyingi, hajaletewa tu.

Kwa hiyo twasema, ombi la raia kwa baraza si dua. Lina sheria yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuipelekea serikali ombi la maandishi, peke yake au pamoja na wenzake. Nayo serikali lazima imjibu katika miezi mitatu. Tena kifungu kile kinakataza mtu yeyote kushtakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi la namna hiyo. Miezi mitatu, ndugu! Haikuandikwa "Mungu akipenda", wala "hali ya fedha ikiruhusu".

Wangapi kwetu wanakijua kifungu hiki? Tumesoma nakala za barua nyingi za kartye zetu. Zina heshima nyingi, zina Biblia, nyingine zina hata methali, lakini kifungu cha 27 hatukukiona. Na miezi mitatu haiwezi kuhesabiwa kama haina siku ya kuanzia. Siku ya kuanzia ni muhuri. Sisi tulipeleka barua ya mtaa wetu katika ofisi moja, hatutaitaja. Karani akaipokea kwa adabu, akaiweka juu ya rundo la karatasi, akalaza jiwe juu yake upepo usije ukaichukua. Tukamwomba atie muhuri na tarehe katika nakala yetu. Akauliza kama hatumwamini. Tukamjibu yeye twamwamini. Ni lile jiwe ambalo hatujapata kulizoea. Alicheka, akatia muhuri.

Sasa tuingie katika fedha, maana hapo ndipo wakubwa hupenda mwananchi asifike. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 175, inasema katika mapato ya taifa sehemu ya mikoa ni asilimia 40, nayo ikatwe pale pale fedha inapopatikana. Kisha sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inasema hizo nazo zina haki ya asilimia 40 ya ile sehemu ya mkoa. Mtoto wa darasa la tano aweza kuikamilisha hesabu: katika franka 100 za taifa, 40 ni za mikoa, katika hizo 40, franka 16 ni za miji na komini na wenzao wa vijijini. Hata baada ya kugawanywa nchi nzima, kumi na sita katika mia moja zingechimba mitaro mingi.

Lakini desturi imekuwa nyingine. Kukata pale pale hakufanyiki. Fedha hupanda kwanza Kinshasa, ikakaa huko, kisha ikarudishwa kiasi na kwa wakati unaopendeza huko huko. Mkoa nao umejifunza tabia ya mama yake: ukipokea kidogo, huishusha kidogo zaidi. Kwa hiyo Meya akisema sanduku ni tupu, pengine hasemi uongo. Na hapo ndipo wengi wetu hukata tamaa, wakarudi nyumbani wakisema ya nini kuandika, ikiwa anayeandikiwa hana kitu?

Sisi twaona kinyume chake. Jibu la hapana, likiwa limeandikwa na kutiwa sahihi, ni mali. Baraza likiandika kwamba mtaro wa soko hauwezi kuchimbwa kwa sababu mkoa haukuleta fungu la mji, basi mwananchi amepata karatasi ya kwenda nayo kwa wabunge wa mkoa. Nao wakiandika kwamba Kinshasa haikuleta, amepata karatasi ya kumpelekea mbunge wake wa taifa. Jibu la mdomo hufa mlangoni. La maandishi lapanda ngazi. Wakubwa wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hupenda sana kuwajibu watu kwa mdomo.

Wazee wengine hutuambia kwamba siku za Bula Matari mitaro ilichimbwa bila ya barua ya mtu. Ni kweli, na tuseme yote: ilichimbwa kwa jasho la watu wasioulizwa, na ilichimbwa katika mji wa Wazungu, ambao ndio Makiso ya leo. Walipoanza kuwauliza watu, waliuliza kwa kuchelewa. Amri ya Machi 1957 juu ya miji ndiyo iliyofungua uchaguzi wa komini. Desemba mwaka ule Léopoldville, Élisabethville na Jadotville zilipiga kura. Stanleyville, kama mji wetu ulivyoitwa hata 1966, ilingoja mpaka 1958. Na Wabelgiji waliodhani wametoa kiti kidogo cha kuzungumzia taka na maji waliona ajabu yao: Joseph Kasa-Vubu, burgumestre wa komini ya Dendale, alipoapishwa Aprili 1958 alisimama akadai watu wajitawale wenyewe. Desemba 1959, katika uchaguzi wa mji wetu, chama cha Lumumba kilipata karibu kura tisa katika kila kumi. Komini, basi, si jambo dogo.

Kisha kukaja kimya kirefu. Kwa miaka mingi Meya na burgumestre waliteuliwa kutoka juu, na mtu aliyeteuliwa kutoka juu hutazama juu. Shingo yake haina kosa. Ni Desemba 2023 tu ndipo wananchi wa komini za miji mikuu ya mikoa walipochagua wajumbe wa mabaraza yao, mara ya kwanza tangu katiba ya 2006. Na kwa sheria, wajumbe wa komini ndio wapiga kura wa baraza la mji. Basi tuliompigia kura asituambie kazi yake ni kufikisha salamu zetu. Kazi yake ni kuuliza ndani ya baraza, mbele ya watu: bajeti ya mwaka ina nini kwa soko la Makiso, na tikiti za ushuru zimeleta kiasi gani?

Huko mgodini tunaona mfano ambao mji ungeweza kuutamani. Sheria ya madini iliyobadilishwa Machi 2018 inaitaka kampuni inayochimba iweke na watu wa mahali pale daftari la ahadi: zahanati ipi, kisima kipi, barabara ipi, kwa muda gani, kwa gharama gani. Tena itenge si chini ya sehemu 3 katika kila 1,000 za mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya vijiji hivyo, na wanavijiji wawe na wajumbe wao katika chombo kinachozishika. Hatusemi mambo ni safi huko. Karani anayajua madoa ya daftari kuliko mtu mwingine. Lakini mzee wa kijiji huweka kidole juu ya mstari akasema, kisima hiki, mwaka huu, kiko wapi? Mtu wa Makiso, mji mkuu wa mkoa, mwenye shule na redio, aweke kidole chake wapi?

Na mradi usiotoka kwa watu hufika wapi, tumeona juzi. Mji huu ulipigwa na majeshi ya Rwanda na Uganda siku sita za Juni 2000. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia nyumba zetu. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa yale iliyotenda katika nchi yetu, na malipo ya kwanza, dola milioni 65, yalifika mwaka ule ule. Mfuko wa kuwalipa walioumizwa, FRIVAO, umewekewa makao yake hapa Kisangani. Kisha tukasikia kwamba dola milioni 19 za fedha hiyo zimeelekezwa kwenye ujenzi wa jela hapa mjini. Mwisho wake kila mtu anaujua: Septemba 2025 Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, alihukumiwa na korti ya kasasio ya Kinshasa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ajili ya fedha hizo.

Hukumu ni ya korti, nasi hatuongezi neno. Huenda hata jela mpya yahitajika. Swali letu ni la karani: ombi la jela lilitoka kartye gani? Liliandikwa na nani, likasomwa katika kikao gani, likapata muhuri tarehe ngapi? Sisi hatujaona barua ya mama aliyepoteza mguu katika vita ile akiomba kujengewa jela.

Basi kwa wale wa kartye zetu wanaojiandaa kuandika tena kabla ya mvua, tunawaomba haya. Barua moja iwe na jambo moja. Ukichanganya mtaro, taa, shule na maji ya Regideso, kila ofisi itasema sehemu yake ni ya mwenzake. Pimeni huo mtaro kwa kamba, muandike una mita ngapi, unaanzia mlango wa nani na unaishia wapi. Fundi mwashi wa mtaa awahesabie simenti na mchanga, hata kama hesabu yake haitakuwa ya injinia. Salongo mkiahidi, ahidini kwa kipimo, siku kadhaa na watu kadhaa, maana tangu siku za Mobutu tumezoea kuambiwa tufagie wakati fedha ya mfagio haijulikani ilikokwenda. Wanawake wa soko watie sahihi mbele, kwa kuwa wao ndio wanaolipa kila siku. Kifungu cha 27 kiandikwe juu kabisa, mahali palipokuwa pakiandikwa "tunakulilia". Nakala zipelekwe kwa burgumestre, kwa kila mjumbe wa baraza la komini na kwa redio za mji.

Na muhuri ukipatikana, tarehe yake iandikwe kwa chaki ukutani sokoni, herufi kubwa, na pembeni yake tarehe ya siku miezi mitatu inapotimia, ili mama wa sombe naye ahesabu. Wasio na mtu wa kuwaandikia watutafute siku ya Jumamosi baada ya saa nane. Mashine ya kuandikia tunayo, na karatasi za nakala bado zipo.