Tahajia Hutulia, Msamiati Hukua: Maoni Kuhusu Mabadiliko ya Programu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Maoni haya yanahusu jambo ambalo wanaisimu tumewaachia mafundi: kasi ya mabadiliko ya programu tunazozitumia kila siku katika kompyuta zetu. Msimamo wetu ni kwamba kiolesura cha programu ni mfumo wa alama ambao mtumiaji hujifunza, huuzoea na hatimaye huutumia bila ya kuufikiria, kama atumiavyo tahajia. Hivyo, mwenye kukibadilisha ana dhima sawa na ya mwenye kupendekeza kubadili tahajia ya lugha.

2.0 Funzo la Tahajia

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili. Tangu hapo maelfu ya istilahi yameingia katika lugha, lakini misingi ya tahajia ya Kirumi imetulia. Hadi leo "kompyuta" na "tarakilishi" zinashindana, ila zote mbili huandikwa kwa kanuni zile zile. Mzee wa Pemba aliyejifunza herufi hizo akiwa mtoto anaweza kusoma gazeti la leo. Huenda neno geni likamsimamisha, herufi hazitamsimamisha.

3.0 Hali ya Programu

Katika programu mambo ni kinyume. Hapa Chake Chake tunaye mpigachapa hodari wa tasnifu. Mashine yake ilipoharibika alipewa nyingine yenye toleo jipya la programu ya kuandikia, ambamo menyu alizozizoea hazikuwamo. Kazi ya siku moja ikamchukua siku tatu. Hakusahau kuandika; alichopoteza ni mahali pa vitu. Kilichomsaidia ni vitufe vya kunakili na kubandika, ambavyo havikuguswa.

Hasara ya mtu mmoja hufidika. Hasara ya lugha ni nzito zaidi. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org katika toleo la 1.1. Oktoba 2005 likatolewa toleo la 2.0. Mwaka mmoja haukutimia, na tayari jitihada ile ilikuwa imefungamana na toleo lililopitwa. Mwaka 2010 mradi mama wenyewe ukagawanyika, ikazaliwa LibreOffice. Lugha yenye watafsiri wa kulipwa huweza kukimbizana na matoleo. Lugha inayotegemea watu wachache wa kujitolea huchoka njiani. Kwa maana hiyo, mabadiliko ya mfululizo huziumiza zaidi lugha zenye nyenzo haba.

4.0 Hoja Kinzani

Yamkini msomaji atasema kuwa programu isiyobadilika ni hatari. Ni kweli: baada ya tarehe 8 Aprili 2014, Windows XP iliachwa bila ya marekebisho ya kawaida ya usalama, na kuendelea kuitumia kukawa ni kujihatarisha. Lakini kuziba ufa ni jambo moja, na kuhamisha mlango ni jambo jingine. Mwaka 1990 Donald Knuth alitangaza kwamba TeX, programu yake ya kupangia maandishi, haitaongezewa kitu tena. Makosa tu ndiyo yatakayosahihishwa. Kila sahihisho huisogeza namba ya toleo karibu zaidi na thamani ya pai. Wengine wamejenga mengi juu yake, na wanahisabati wangali wakiitegemea. Msingi umetulia, matumizi yamekua.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu zinapochagua programu ziulize si tu ina nini kipya, bali pia ujuzi na mafaili ya leo yatafaa kwa miaka mingapi. Pili, kabla ya BAKITA, BAKIZA au chuo chochote kutoa wataalamu wake kwa kazi nyingine ya kutafsiri programu, mwenye programu atoe ahadi ya maandishi kuhusu muda ambao maneno na mpangilio wake vitadumu. Bila ya ahadi hiyo, tutakuwa tunaunda istilahi za nyumba ambayo mwenyewe ameshaanza kuibomoa.