Oili nzito si dawa ya turbo kuukuu

Anayeshauri kila gari kuukuu lenye turbo litiwe oili ya 20W-50, eti kwa kuwa injini imelegea, anatoa dawa kabla ya kupima ugonjwa.

Shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikitegemea utando mwembamba wa oili. Asubuhi ya baridi ya Limuru au Njombe, oili ya 20W huchelewa kuifikia, na ukavu wa muda huo ndio unaokula beringi. Tarakimu iliyo kabla ya W huhusu baridi. Ya baada yake huhusu oili ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mwenye Subaru Forester ya turbo anayepanda milima na mzigo anaweza kupata ulinzi wa joto kwa 5W-40 ya sintetiki, mradi kitabu cha gari kinairuhusu.

Ni kweli, 20W-50 huweza kupunguza moshi. Lakini ringi zilizolika, vali ya PCV (ya kutoa gesi za ndani ya injini) iliyokwama au bomba la kurudisha oili lililoziba havitengenezwi na uzito wa oili. Kwanza fundi atafute chanzo, na oili ibadilishwe kwa wakati. Moshi uliofichwa bado ni ubovu.