Likizo Nayo ni Shule

Kila ufikapo mwezi wa Juni, shule za nchi yetu hufungwa. Kwetu Mwanza wakati huo ni kiangazi: masika yamekwisha, pamba imepasuka mashambani Magu na Kwimba, na wazee wana nafasi ya kuzungumza. Lakini tukipita asubuhi katika mitaa ya Kirumba au Nyakato, twaona watoto wakienda haraka na madaftari kwapani. Waendako ni tuisheni. Baadhi yao hawajamaliza hata darasa la tatu. Shule imefungwa kwa tangazo. Kwa mtoto haikufungwa.

Wizara yenye dhamana ya elimu imekwisha kukataza masomo ya wakati wa likizo zaidi ya mara moja. Katazo hupita kama wimbi juu ya jiwe: jiwe hulowa, halisogei. Sababu ni kwamba ugonjwa haumo katika mlango wa darasa, bali umo katika fikra zetu sisi wazazi. Sisi ndio tunaolipa ada hizo. Sisi ndio tunaoona haya mtoto wa jirani akienda na wetu akibaki. Tumeamini kwamba mtoto asiyeshika kalamu hajifunzi kitu. Hiyo ni kasumba, na kasumba haiondolewi kwa waraka.

Wala si kasumba mpya. Mwezi wa Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba elimu tuliyoirithi ilimtenga mwanafunzi na jamii yake, ikamfanya adhani kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni na vinywani mwa wasomi, na kwamba wazee wake hawana la kumfunza. Zaidi ya nusu karne imepita. Wakoloni wameondoka, lakini dharau ile tumeihifadhi wenyewe, na sasa twailipia kwa mwezi.

Natutoe mfano. Kijana mmoja wa ukoo wetu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa hodari wa kutaja njia za kuhifadhi rutuba ya udongo. Alizikariri tuisheni, moja hadi sita, bila kukosea. Siku alipofika kisiwani Ukara akashangaa kuona ng'ombe wakifugwa ndani na kukatiwa majani, akauliza kwa nini wasiachwe wakachunge. Mzee mwenyeji akamwonyesha samadi inavyokusanywa na kubebwa hadi shambani, akamweleza jinsi mazao yanavyopokezana na jinsi mimea ya jamii ya kunde inavyopandwa ili kuipa ardhi nguvu. Wakara wamefanya hivyo kwa vizazi vingi, kwa kuwa kisiwa ni kidogo na watu ni wengi. Kijana akanyamaza. Alikuwa na majibu sita, na hakuyatambua yalipokuwa yamesimama mbele yake na kwato.

Tulitazame na ziwa. Mtoto wa Mwanza anakua akidhani sangara alikuwamo tangu mwanzo wa dunia. Bibi yake ndiye anayejua kwamba samaki huyo aliletwa katika miaka ya 1950, na kwamba kabla yake nyungu za pwani zilijaa furu na ningu. Baba yake mdogo ndiye anayejua kwa nini mitumbwi ya dagaa hutoka usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwaka: taa haimvuti dagaa palipo na mwanga wa mwezi. Hayo ni historia, ni baiolojia, ni fizikia. Lakini mwenye kuyajua hana cheti, basi hatumwiti mwalimu.

Mwezi huo huo wa Juni ngoma za Bulabo hulia Bujora, karibu na Kisesa, Wagika na Wagalu wakishindana mbele ya umma. Mtoto wetu yuko wapi? Yuko chumbani, anarudia mtihani wa mwaka juzi. Kisha twalalamika kwamba vijana hawana utamaduni! Mwaka 1962 Mwalimu alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliitaka itafute yaliyo bora katika mila za makabila yetu yote. Nani atayatafuta, ikiwa mtoto hana hata wiki nne za kukaa na babu yake? Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma seminari ya Rubya, vitabu alivijua. Lakini riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, hakuipata darasani. Aliipata kwa wazee wa kisiwa chake, kwa sababu alikubali kuwasikiliza.

Wako watakaosema: mtihani haumngoji mtu, na mtoto wa tajiri hapumziki. Hoja hiyo ina uzito. Lakini yathibitisha nini? Tuisheni ikiwa ndiyo ngazi, basi mwenye fedha atapanda na mtoto wa mchuuzi wa dagaa atabaki chini akitazama. Haki yake ni kufundishwa vema katika siku za shule, si kuuziwa katika likizo kile alichostahili kupewa bure.

Wengine watasema kwamba likizo bila masomo ni uzururaji, au ni utumwa wa kuanika dagaa kutwa kwa ujira wa wengine. Hapo twakubaliana nao. Mzazi anayemgeuza mwanawe kibarua hamfunzi utamaduni. Tena yafaa tuseme wazi kwamba mara nyingi mvulana hupewa likizo na dada yake hupewa ndoo, ufagio na mtoto wa kubeba. Mila ya namna hiyo si miongoni mwa zile zilizo bora. Kazi ya nyumbani na igawanywe sawa, iwe na mwisho wake, na iwe na maelezo.

Kwa hiyo twawaomba walimu neno moja. Mkitaka kutoa kazi ya likizo, toeni, lakini isiwe maswali hamsini ya kunakili. Mwagizeni kila mwanafunzi arudi na vitendawili vitano ambavyo darasa halijapata kuvisikia, majina ya samaki wasioonekana tena sokoni, au habari za njaa na mafuriko kama alivyozisimulia mzee wa nyumbani kwake, zimeandikwa kwa Kiswahili safi. Na asome kitabu kimoja kwa hiari, akimsomea bibi asiyejua kusoma. Hapo kalamu na kumbukumbu zitakuwa zimekutana.

Nanyi wanafunzi, mtihani mkiushindwa mwaka huu, mwakani mwaweza kuurudia. Babu akizikwa, harudiwi. Nendeni mkamsikilize Juni hii.