Limuzini Yetu Ni Chai Maharage
Limuzini ya harusi ikipita Dar, watu hutoa simu wapige picha. Sina ugomvi na bwana harusi. Ugomvi wangu ni na neno "gari la kuungaunga", tunalowatupia mafundi wetu kama tusi.

Limuzini nyingi hazikuzaliwa ndefu. Fundi alilikata gari la kawaida katikati, akaunga chesisi, akarefusha propela shafti. Mafundi wa Arusha hufanya hivyohivyo kwa Land Cruiser za watalii. Wa Dar, miaka ya 1980, walijenga bodi yenye mabenchi ya kutazamana juu ya pikapu, tukapata chai maharage, zilizotubeba mabasi ya UDA yalipozidiwa.

Kulitambua si kazi: pua ya kiwandani, mgongo wa gereji. Chungulia chini, utaona mshono wa kuchomelea.

Hapa Bagamoyo tunamheshimu fundi wa jahazi, na jahazi ni mbao zilizoungwa kwa misumari. Fundi bodi amekosa nini? Gari lake likiuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, ujuzi wake unakwenda nalo. Lipigwe picha leo, na jina la fundi liandikwe.