Ungekuwa wewe bosi, ungetoa nini?

Mpenzi msomaji, leo naanza kwa swali. Ukiamka kesho asubuhi ukute funguo za ofisi, duka au karakana unakofanyia kazi zimewekwa mkononi mwako, na ukaambiwa kwamba kuanzia leo wewe ndiwe bosi, ungewafanyia wenzako nini?

Swali lenyewe si langu. Lilizuka siku ya soko pale Kathonzweni, katika hoteli moja ndogo nilimokuwa nimeketi nikingoja matatu ya kwenda Wote. Mezani tulikuwa watano: karani wa duka la mbegu na mbolea, msichana muuzaji wa duka la dawa, kijana fundi wa pikipiki, mama mmoja mwalimu wa shule ya chekechea ya kibinafsi, pamoja nami. Kijana ndiye aliyeanza. Alisema kwamba angekuwa bosi angemnunulia kila fundi pikipiki yake mwenyewe. Karani naye akasema angepandisha mishahara maradufu. Tukacheka, kwani maneno ni bure na chai ilikuwa moto.

Mwalimu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mimi ningewalipa watu wangu tarehe mbili badala ya tarehe kumi na nane."

Hapo hakuna aliyecheka.

Wewe unayepata mshahara wako siku ile ile kila mwezi huenda usione uzito wa maneno ya mama huyo. Mshahara unaochelewa siku kumi na sita haupungui kwa hesabu, lakini unapofika mkononi tayari umeshaliwa. Mwenye duka amekuandika kitabuni, na kwa kuwa huna pesa taslimu huwezi kwenda kununua kwingine kwa bei nafuu. Mwenye nyumba amekuja mara mbili. Mtoto amerudishwa kwa ajili ya karo. Ukienda kukopa kwenye simu, unalipa riba kwa kosa lisilo lako. Ilhali sheria imeshalisema jambo hili waziwazi: mwajiriwa wa mwezi hulipwa mwezi unapokwisha, na kibarua wa siku hulipwa jua linapotua. Kwa hivyo mama huyu hakuwa akiota marupurupu yoyote. Alikuwa akitamani kupewa kilicho chake.

Msichana wa duka la dawa alikuwa na lake, nalo lilinigusa zaidi kwa kuwa mimi ni mtu wa huku. Alisema, "Ningewapa likizo Novemba."

Msomaji wa Mombasa au Nairobi atauliza, kwani Novemba kuna nini? Sisi wa Makueni na Kitui tunajua. Mvua tunayoitegemea si ile ndefu ya Machi, ambayo hutudanganya mara kwa mara, bali ni ile ya vuli inayokuja Oktoba na kwisha Desemba. Mtu asiyepanda ndengu, kunde na mahindi yake majuma hayo, na kuyapalilia mapema, huwa amenunua njaa ya mwaka mzima. Sasa mwajiri anayekupa likizo mwezi wa Agosti, wakati shamba ni vumbi tupu na mbuzi wanatafuna vijiti, kwa hakika amekupa siku zako, lakini hazina faida kubwa kwako. Siku hizo hizo, zikihamishwa hadi Novemba, ni magunia. Hazimgharimu bosi hata senti moja zaidi. Anachohitaji ni kuuliza tu, "Wewe unataka kupumzika lini?"

Ninasema hivi nikikumbuka jambo la nyumbani kwangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani katika kampuni moja jijini Nairobi. Mkubwa wetu alijulikana kwa ukarimu. Kila Desemba alichinja mbuzi, kila mmoja wetu akaenda nyumbani na unga, sukari na mafuta ya kupikia, na hotuba zikatolewa. Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, baba yangu akafariki. Niliomba ruhusa nikapewa siku moja. Siku moja, msomaji! Kutoka Nairobi hadi Kathonzweni kwa barabara za wakati ule, siku hiyo ilikwishia njiani. Nilikaa siku nne kama ilivyo ada, baba akazikwa, na mwisho wa mwezi nikakuta siku tatu zimekatwa. Desemba mbuzi akachinjwa kama kawaida. Nilikula, siwezi kudanganya, lakini nyama ile nilikuwa nimeilipia.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuyatazama marupurupu kwa jicho la pembeni. Kuna yanayotolewa ili mfanyakazi afaidike, na kuna yanayotolewa ili bosi asifiwe. Yako pia ya aina ya tatu, yale yanayokufunga kamba. Wasomaji wenye mvi watazikumbuka landhi za reli kama zile za Muthurwa, ambako Wakamba wengi waliishi enzi za shirika la East African Railways and Harbours. Kupewa nyumba karibu na kazi lilikuwa jambo kubwa, nami sitalidharau. Lakini nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilipokwisha nyumba ilikwenda nayo. Wapo wazee waliorudi huku na sanduku la bati na blanketi, wakaanza kukata miti ya kujengea wakiwa na umri wa kuitwa babu.

Hata huko ng'ambo mambo yalikuwa hivyo. Mnamo Januari 1914, Henry Ford wa Marekani alitangaza kwamba wafanyakazi wa kiwanda chake cha magari wangeweza kupata dola 5 kwa siku, kiasi ambacho kilikuwa takriban mara mbili ya mishahara ya kawaida ya kiwanda. Dunia nzima ilishangaa. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba Ford alianzisha idara ya kuwatuma watu majumbani mwa wafanyakazi wakachunguze iwapo wanakunywa pombe, iwapo nyumba ni safi na iwapo wanaweka akiba. Aliyeshindwa mtihani huo hakupata pesa zote. Je, wewe ungekubali? Mimi huenda ningekubali kwa sababu ya karo, lakini ningekuwa nikifunga mlango kwa komeo.

Ndiyo maana nasema bosi wa kupigiwa mfano aanze na yale ambayo tayari ni haki, ayatoe bila kuombwa na bila kukunja uso. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeyataja. Likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Siku moja ya mapumziko katika kila juma. Baada ya kufanya kazi miezi miwili, ukiugua na kuleta barua ya daktari, siku 7 za mshahara kamili na nyingine 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Mama aliyejifungua ana miezi mitatu ya likizo yenye mshahara, na baba ana majuma mawili. Kina mama waliojifungua chini ya sheria ya zamani watakumbuka kwamba walipewa miezi miwili tu, na mwaka huo likizo yao ya kawaida ikapotea, kana kwamba kunyonyesha usiku kucha ni kupumzika. Na tangu Sheria ya Afya ya mwaka 2017, mwajiri anatakiwa kumtengea mama mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na kumpa muda wa kufanya hivyo katika saa za kazi. Sijui ni maduka mangapi ya huku kwetu yenye hata kiti cha ziada.

Kuna kimoja ambacho watu wengi hawakijui. Sheria hiyo ya Ajira inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Huko kwingine hilo ni jambo dogo, watu hufungua mfereji. Hapa Kathonzweni, mwezi wa Septemba mabwawa yanapokauka na punda wakipanga foleni, maji ni mali. Ningekuwa bosi mwenye tangi la mvua, ningemwambia kila mfanyakazi aje na mtungi wake wa lita 20 Jumamosi aondoke umejaa. Naamini mtungi huo ungependwa kuliko sherehe ya Desemba.

Kibarua naye asisahaulike. Ukimwita mtu huyo huyo kila asubuhi kwa mwezi mzima bila kukatiza, sheria haimhesabu tena kuwa kibarua wa siku. Anaanza kuwa na haki za mwajiriwa wa mwezi, hata kama wewe unaendelea kumlipa jioni kutoka mfukoni.

Ama kuhusu chakula, hapo sheria haimlazimishi mwajiri mpaka wawe wamepatana. Hata hivyo sisi Wakamba hatukungoja Bunge. Katika mwethya, watu wanapokusanyika kuchimba matuta ya kuzuia udongo kuchukuliwa na maji katika shamba la mwenzao, mwenye shamba hupika. Muthokoi huwa tayari na uji umo kwenye kibuyu. Na jambo la pili ni kwamba mwenye shamba naye huwa ameshika jembe, haketi kivulini akihesabu watu. Matuta yanayoshikilia vilima vya Machakos na Makueni hadi leo, mengi yalichimbwa kwa utaratibu huo. Linganisha na bosi anayejifungia saa nne kunywa chai na mkate peke yake, harufu ikipita chini ya mlango.

Basi tukaendelea kuwachambua mabosi wetu pale mezani, mmoja hadi mwingine, mpaka msichana aliyekuwa akituandalia akaja kuondoa vikombe. Kumbe alikuwa akisikiliza muda wote. Akasema kwa adabu, "Samahani, wazee wangu. Na nyinyi mliowaandika kazi huko nyumbani, huwa mnawapa nini?"

Kila mtu akatazama kikombe chake. Mwalimu ana yaya. Karani ana kijana wa kuchota maji na kuchunga. Nami nina mzee mmoja ambaye huwachunga mbuzi wangu tangu miaka mitatu iliyopita. Ananizidi umri, mimi humwita mzee, lakini yeye huniita mkubwa. Kwenye matatu nilipiga hesabu, nikairudia. Mara tatu siku 21 ni siku 63. Sijampa hata moja. Krismasi huwa nampa shati.

Ningeweza kujitetea kwamba sikukusudia. Mkubwa wangu wa Nairobi naye, nikifikiria vizuri, huenda hakukusudia.

Jumamosi iliyofuata nikarudi. Nilimkuta chini ya mgunga, mbuzi wamelala, naye anashona ndara. Tulisalimiana, nikaketi juu ya jiwe, nikamwambia, "Mzee, nataka upumzike. Uende kwako ukae majuma matatu na zaidi, mshahara wako utaupata kama kawaida."

Aliweka ndara chini. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani nimekosa wapi, mkubwa?"

Msomaji wangu, sikutarajia swali hilo. Mzee yule maishani mwake amechunga kwa watu wanne, na kila alipoambiwa akapumzike ilikuwa ndiyo njia ya kumfukuza. Nilimweleza mara ya kwanza, hakuniamini. Nilimweleza mara ya pili, akaanza kuhesabu mbuzi kwa sauti, mmoja mmoja, ili nione kwamba hakuna aliyepotea mikononi mwake.

Mwishowe nikachukua karatasi. Nikaandika kwa Kikamba, kwa kuwa sheria yenyewe inataka mtu asiyesoma aelezwe mkataba wake kwa lugha anayoielewa: siku zake za likizo, mshahara wake, tarehe ya kulipwa na siku ya mapumziko kila juma. Nikamsomea pole pole. Nikaongeza kwamba siku zile za nyuma hazikufa, tutazilipa kidogo kidogo, kwa kupumzika au kwa pesa, atakavyopenda yeye. Akaniuliza ni nani atakayechunga. Nikamwambia ni mimi. Hapo alicheka mpaka mbuzi wakaamka. Akatia kidole gumba kwenye wino, nakala mbili, moja akaikunja na kuitia ndani ya kofia yake. Suala la NSSF bado, sitajifanya nimelimaliza. Nimeulizia Wote na nimeambiwa nirudi na nambari yake ya kitambulisho.

Nilipomuuliza angependa kwenda lini, hakusita. Alisema Novemba, mvua ya kwanza ikishanyesha.

Kwa hivyo ukiona mwezi huo safu hii imekuwa fupi, ujue mwandishi wako yuko machungani Kathonzweni akimtafuta beberu mmoja mkorofi mwenye doa jeupe. Hadi Jumapili ijayo, majaliwa.