Bambu: kituo cha polisi kielekeze uso wapi?

Hapa kwetu Djugu, mazungumzo ya kujenga kituo cha polisi huanza kwa bei ya saruji na idadi ya vyumba. Sura ya nje huachwa kwa fundi. Kwa maoni yetu kosa linaanzia hapo, na Bambu inaonyesha sababu.

Bambu ni mji wa migodi ya dhahabu ya Kilo, uliokua pamoja na kampuni ya Kilo-Moto iliyoundwa mwaka 1926. Tangu Desemba 2017, vita ilipoanza tena katika teritwari ya Djugu, watu wa huku wamejifunza kukimbia, kurudi na kukimbia tena. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo lote la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amezoea kuiona serikali nyuma ya mifuko ya mchanga. Mwambie achore ofisi ya polisi: atachora ukuta, kisha bunduki.

Sheria inasema jambo jingine. Ile ya tarehe 11 Agosti 2011, inayopanga polisi ya taifa, inaiita huduma ya kiraia ambayo wananchi wanaweza kuifikia na ambayo inawasikiliza. Neno hilo la kufikiwa tumelisikia sana kwenye semina. Kwa fundi, maana yake ni mlango, ngazi, paa na benchi.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja hadi kituo fulani. Binti yake alikuwa amebakwa. Mbele tulikuta kizuizi na askari mwenye bunduki, hakuna pa kukaa, mvua inanyesha, na kila aliyepita barabarani alimtazama mama yule na kujiuliza ana shida gani. Baada ya nusu saa akasema, "Ndugu, turudi." Tulirudi bila kuingia. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji ipo, tena ni nzuri, lakini siku ile iliishia barabarani.

Wako watakaosema kwamba usalama unadai ukuta, nao si wajinga. Tarehe 16 Novemba 2021 bomu lililipuka Kampala kwenye kizuizi cha ukaguzi karibu na kituo kikuu cha polisi, na serikali ya Uganda ilisema ni kazi ya ADF, kundi lile lile linaloua watu Irumu na Mambasa. Lakini tukumbuke pia Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Ubalozi wa Marekani ulikuwa katikati ya mji, karibu kabisa na barabara na majengo mengine. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao Wakenya, na jengo la jirani likaanguka. Baadaye Wamarekani walijenga ubalozi mwingine Gigiri, mbali na msongamano. Umbali ndio uliotafutwa kwanza. Ukuta mrefu uliobanana na soko humlinda polisi kidogo na kumwacha mama muuza mihogo nje yake.

Kwa hiyo kiwanja cha Bambu kiwe kipana, hata kama jengo ni dogo. Mbele pabaki uwanja ulio wazi, na uzio mfupi unaoonyesha kilicho ndani. Ukuta mzito uende nyuma, kwenye stoo ya silaha. Baraza pana yenye paa ni ya lazima: mvua yetu tunaijua, na watu wanaowaletea chakula ndugu zao walio kasho wanahitaji mahali pa kungojea. Uwepo pia mlango wa pembeni, usioonekana kutoka barabarani, kwa wanawake na watoto. Na ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka toka mbali, paandikwe kwamba kupeleka mashtaka hakulipiwi, na kwamba Katiba hairuhusu mtu kuwekwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya sheria. Rangi ya maandishi itagharimu kidogo kuliko mlango wa chuma.

Linabaki lile ambalo hakuna mchoraji atakayelimaliza peke yake. Lango litatazama upande gani? Djugu kila njia ina watu wake, na lango likielekea kwa hawa, wale watasema kituo si chao. Ndiyo maana mchoro wa kwanza usitoke Bunia ukiwa umekamilika. Upelekwe Bambu ukiwa bado kwa penseli, uwekwe mezani mbele ya wazee wa jamii zote, wachimba dhahabu, akina mama wa soko na vijana wanaofyatua matofali. Wadeplase ambao bado hawajarudi waulizwe huko huko waliko, maana wao ndio watakaoamua kama lango hilo linapitika.